Wembe Una Kutu, Pete Inaacha Kijani: Soma Dalili Kabla Hujasugua

Mashine za kunyolea za zamani na mapambo mengi yanayofika kwa fundi yakiwa yamechakaa hayakuharibiwa na miaka. Yameharibiwa na mtu aliyeyasugua kwa ndimu na chumvi, majivu au stili waya bila kujua anasugua nini. Mashine iliyolala sandukuni Kondoa tangu enzi za babu inaweza kutoka na mng'ao wake wote, kisha jioni moja ya kusuguliwa kwa nguvu ikauondoa, na hapo haurudi tena.

Vitu hivi viwili tunavizungumzia pamoja kwa sababu kwa fundi ni ndugu. Mashine ya zamani ya kuweka wembe na hereni ya bei nafuu kutoka Soko la Majengo, Dodoma, mara nyingi zina mwili mmoja: shaba njano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, iliyovikwa ngozi nyembamba ya nikeli, fedha au dhahabu. Zote zinashinda kwenye jasho, sabuni na maji ya chumvichumvi. Kwa hiyo kabla ya dawa yoyote jiulize: kilichoharibika ni ngozi au ni mwili?

Kujua una nini mkononi

Anza na sumaku. Ya spika mbovu inatosha. Itakuonyesha chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, lakini usiipe kazi isiyoiweza. Dhahabu, fedha, shaba, shaba njano, titani na risasi zote hazishikwi, kwa hiyo mkufu usioshikwa bado haujathibitika kuwa dhahabu. Pima mbali na kufuli ya mkufu, maana ndani yake huwa kuna springi ya chuma hata kwenye dhahabu halali.

Kwa wembe, sumaku haisaidii kabisa. Watu hudhani stenlesi haishikwi, kwa hiyo wembe ukishikwa wanasema ni wa chuma cha kawaida. Si kweli. Stenlesi ya nyembe ina kromu takriban asilimia 13 na kaboni karibu asilimia 0.7, na imechomwa na kupozwa ili iwe ngumu. Aina hiyo inashikwa na sumaku sawasawa na chuma cha kaboni. Stenlesi ya pete na saa, ile ya daraja la 304 au 316, ndiyo isiyoshikwa, kwa sababu nikeli iliyomo imebadilisha mpangilio wa chembe zake.

Kipimo kinachosema ukweli zaidi ni cha uzito ndani ya maji, na unahitaji mizani ndogo ya kidijitali inayosoma 0.01 ya gramu. Pima kitu kikavu, andika namba. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Funga kitu kwa uzi mwembamba, kizamishe chote bila kugusa chini wala pembeni, piga glasi kidogo mapovu yatoke, kisha soma namba. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo ya majini; jibu ni mara ngapi kitu ni kizito kuliko maji ya ujazo uleule. Pete ya gramu 4.20 inayosoma 0.24 inatoa 17.5, na hapo ndipo ilipo dhahabu ya karati 22. Bangili ya gramu 18.60 inayosoma 2.19 inatoa takriban 8.5: shaba njano, hata kama muuzaji ameapa.

Namba za kukumbuka: dhahabu tupu 19.3, karati 18 kati ya 15 na 16, fedha ya 925 karibu 10.4, shaba nyekundu 8.9, shaba njano 8.4 hadi 8.7, stenlesi ya mapambo karibu 8, chuma cha kaboni 7.8, na aloi ya zinki inayoitwa zamaki 6.6 hadi 6.7. Kipimo hiki hakifai kwa kitu chenye jiwe au chenye uwazi ndani. Na kwa pete nyepesi, kosa la 0.01 tu kwenye 0.24 linahamisha jibu kutoka 17.5 hadi 16.8 au 18.3, kwa hiyo rudia mara kadhaa. Tangsteni ina 19.25, karibu sawa kabisa na dhahabu tupu. Kitu kinene cha bei kubwa hakiamuliwi kwa glasi ya maji. Kipeleke kwenye mashine ya XRF, inayotambua metali kwa eksirei, ukijua kwamba nayo inasoma ngozi ya juu tu.

Mhuri ni ushahidi dhaifu, lakini usome. 916 ni karati 22, 750 ni 18, 585 ni 14, 375 ni 9, na 925 ni fedha yenye asilimia 7.5 ya metali nyingine, kwa kawaida shaba. Ukiona herufi GP baada ya karati, imechovywa, yaani dhahabu ni ngozi ya juu tu. GF yenye 1/20 ina maana tabaka la dhahabu ni sehemu moja kati ya ishirini za uzito wote, na hilo ni tabaka nene linaloweza kudumu miaka mingi.

Wembe umeota kutu usiku mmoja

Kati ya Mei na Novemba hewa ya Dodoma ni kavu kiasi kwamba chuma kilichokaushwa vizuri kinakaa wiki nyingi bila doa. Wembe ukiota kutu usiku mmoja msimu huo, hewa haina kosa. Maji yamefungiwa kati ya kifuniko na bamba la chini, nayo hayana pa kutokea. Ukanda huu maji mengi ya visima yana chumvi, na chumvi huharakisha kutu hata kwenye stenlesi.

Ukimaliza kunyoa, legeza mpini mizunguko miwili, suuza, kung'uta, kisha tumbukiza kichwa kwenye spiriti ya duka la dawa kwa sekunde chache. Iweke nje ya bafu. Usifute makali kwa taulo, nyuzi huyavunja. Kama hunyoi kila siku, weka tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya alizeti yasitumike, hata kama yamejaa nyumbani kama ilivyo kwa nyumba nyingi za Singida na Kongwa: yakikaa hewani hugandamana, yanageuka ulimbo wa njano unaoshika vumbi na unyevu.

Kama hata baada ya hapo kutu inarudi, huenda wembe ni wa chuma cha kaboni. Gillette walianza kuuza nyembe za kutupa mwaka 1903, na kwa miongo karibu sita nyembe zilikuwa za kaboni. Stenlesi ilishika soko mwanzoni mwa miaka ya 1960, Wilkinson Sword wa Uingereza wakiwa mbele. Pakiti ya zamani kuliko hapo ichukulie kuwa ni ya kaboni.

Wembe wa zamani una madoa

Tofautisha rangi. Kijivu au bluu-nyeusi iliyotanda sawasawa ni ngozi tulivu ya oksidi, iache. Nyekundu inayobaki kwenye kitambaa ukifuta na mafuta ni kutu hai, inakula. Futa kwa mafuta ya cherehani mpaka kitambaa kisitoke na wekundu, uache tabaka jembamba, urudishe wembe kwenye karatasi yake ya asili. Karatasi hiyo kwa mkusanyaji ina thamani kuliko wembe.

Usinyolee. Ncha ya makali ni nyembamba kuliko shimo dogo kabisa la kutu, kwa hiyo ukiona doa pembezoni jua makali yameshatoboka. Na ukikatwa na wembe wa sandukuni, nenda kituo cha afya uulizie chanjo ya pepopunda. Kutu yenyewe haileti ugonjwa, ila vimelea vinavyouleta vinaishi kwenye udongo na vumbi, na sanduku la zamani halikosi vumbi.

Neno "platinum" kwenye pakiti huwapa watu tamaa. Hata pale ambapo platini imetumika kweli, ni tabaka lisiloonekana kwa macho kwenye makali peke yake. Nyembe elfu hazitakupa cha kupeleka kwa sonara.

Wembe unaisha makali haraka bila kutu

Mwaka 2020 watafiti wa MIT walionyesha kwamba unywele, ulio laini kuliko chuma kwa mbali, unaweza kumega makali pale unapoyagonga kwa mshazari mahali ambapo chuma hakiko sawasawa ndani. Unywele mkavu ni mgumu zaidi. Lowesha ndevu kwa maji ya vuguvugu dakika mbili au tatu kabla ya sabuni, wembe utaongeza siku. Makali yanayokata upande mmoja tu ni shida ya mashine: angalia kama wembe umekaa sawa, umetokeza kipimo kilekile pande zote.

Wembe wa kukunja umekuwa laini

Uliponolewa, ulipita kwenye mashine ya kunolea visu sokoni? Ukiona makali yana rangi ya bluu, chuma kilifika joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi na ugumu umeondoka. Jiwe la mkono haliurudishi. Wembe wa kukunja unanolewa kwa mawe ya maji, namba 1000, kisha 4000, kisha 8000, ukilaza mgongo na makali kwa pamoja, halafu unapitishwa kwenye mkanda wa ngozi.

Kama kutu imetokea sehemu ile tu inayofunikwa na mpini, na mpini unanuka kama kafuri au asidi kali, mpini ni wa seluloidi inayooza. Inatoa mvuke wa asidi. Vitenganishe leo, usivirudishe pamoja, na mpini uuweke mbali na moto kwa sababu unawaka haraka sana.

Mashine ya zamani: kijani, ufa na unga mweupe

Kijani kwenye nyuzi za skrubu na bawaba ni kutu ya shaba. Maana yake ngozi imeisha pale na mwili umefikiwa. Maji ya moto kiasi, sabuni ya vyombo, mswaki laini. Ikigoma, siki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, dakika 5 zisizidi, kisha suuza sana. Usiongeze chumvi. Asidi na chumvi vikikutana huila zinki kwanza na kuacha uso wa waridi, ambao wengi huushangilia wakidhani wamefikia shaba safi.

Mashine iliyochovywa dhahabu haipewi siki wala dawa ya kung'arisha. Sabuni tu, na kidole.

Ufa mrefu kwenye mpini wa bomba, hasa unaoanzia kwenye nyuzi za skrubu, ni ugonjwa unaojulikana wa shaba njano iliyovutwa kiwandani. Mkazo umebaki ndani ya bomba, na amonia ikiugusa, unapasuka. Amonia imo kwenye dawa nyingi za kusafishia vioo na pia kwenye mkojo wa mifugo, kwa hiyo stoo iliyo ukuta mmoja na zizi si mahali pa kuhifadhi. Ufa mdogo unaweza kuishi nao kama hukazi mpini kwa nguvu.

Unga mweupe na malengelenge chini ya kromu ni habari mbaya. Mwili ni zamaki, na ikishaanza kuvimba haina dawa. Ukikwangua unakuta mashimo. Usiichanganye na ukungu mweupe wa maji magumu, ambao huanzia juu ya uso, hauna shimo chini yake, na unaisha kwa siki dakika 10 kwenye stenlesi au kromu nzima.

Pete inaacha kijani au weusi kidoleni

Kijani ni shaba iliyokutana na jasho, mafuta ya kupaka na chumvi ya mwili. Haidhuru, inatoka kwa sabuni. Inatokea hata kwenye dhahabu ya karati 9, kwa sababu zaidi ya nusu ya pete hiyo si dhahabu. Rangi ya kucha isiyo na rangi ukipaka ndani ya pete inazuia kwa muda mfupi, basi. Kinachosaidia zaidi ni kuvua pete wakati wa kufua na kukausha chini yake.

Weusi unahitaji uangalifu kidogo, kwa sababu unaweza kutokea hata kwa dhahabu nzuri na mwenye pete akaenda kumgombeza sonara bure. Poda za uso nyingi zina oksidi ya zinki au ya titani, chembe ngumu zinazokwangua dhahabu. Kinachokwanguliwa ni laini mno hivi kwamba kinaonekana cheusi. Ongeza vumbi la Dodoma. Upepo wa Agosti na Septemba unabeba chembe za mawe ya kwatzi, zenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, wakati dhahabu iko kati ya 2.5 na 3. Mtu anavua hereni jioni, anazifuta kwa ncha ya kanga kavu, na hajui kwamba anapiga msasa. Ngozi ya kuchovya ya mapambo ya bei nafuu mara nyingi haifiki nusu ya maikroni, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Inaisha msimu mmoja, kuanzia kwenye kingo zilizoinuka. Suuza kwa maji kwanza, vumbi liondoke, ndipo ukaushe kwa kugusisha kitambaa bila kusugua.

Ngozi inawasha chini ya hereni, saa au kifungio cha mkanda

Mtuhumiwa wa kwanza ni nikeli. Muwasho hauanzi siku ileile. Mwili huzoea kwanza kuichukia, kisha unaikumbuka maisha yote. Upele wenye umbo la kitu chenyewe, mviringo wa saa au mraba wa kifungio cha mkanda, ndio dalili yake. Upele uliosambaa hauna uhusiano huo wa wazi, muone daktari wa ngozi.

Badilisha kwa titani, au dhahabu ya njano ya karati 18 kwenda juu. Stenlesi ya 316 ina nikeli asilimia 10 hadi 14 lakini imeifunga, inatoa kidogo mno, na wengi wanaivumilia. Kwa tundu jipya la sikio au pua usijaribu bahati: weka titani mpaka kidonda kipone. Ndipo yaje mengine.

Fedha imekuwa nyeusi

Hii si kutu na si dalili ya feki. Ni salfa ya hewani, ya vitunguu, ya mayai, ya mpira. Pete iliyofungwa pamoja na rababendi hufubaa haraka kuliko iliyoachwa mezani.

Tandika foili ya aluminiamu ndani ya bakuli, upande unaong'aa juu. Lita 1 ya maji yaliyokaribia kuchemka, vijiko 2 vya chakula vya magadi soda, koroga. Weka fedha iguse foili. Harufu ya yai viza ikitoka, kazi inaendelea, fungua dirisha. Dakika 2 hadi 5 zinatosha. Uzuri wa njia hii ni kwamba salfa inahamia kwenye aluminiamu na fedha inabaki. Dawa za kusugua huondoa weusi pamoja na fedha yenyewe, na kwenye mashine ya kunyolea iliyochovywa fedha hilo ni hasara kubwa. Mabaka ya waridi au ya njano yakibaki, umeona mwili: ilikuwa ya kuchovya.

Usiingize kitu chenye lulu, opali, feruzi au jiwe la kubandikwa kwa gundi. Tanzanaiti nayo haipendi mabadiliko ya ghafla ya joto. Isafishe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Klorini ya kufulia nguo iwekwe mbali na kila kitu kilichotajwa hapa: inatoboa stenlesi, inaifanya fedha kuwa nyeusi, na inakula viungo vya dhahabu ya karati ndogo.

Stenlesi "isiyopauka" imeota madoa ya kahawia

Mara nyingi ni daraja la 201, lenye manganizi nyingi badala ya nikeli, rahisi kununua na dhaifu mbele ya jasho. Sumaku haitakuambia kwa uhakika, maana hata 304 ikikunjwa na kuvutwa huanza kushikwa kidogo. Madoa ya juu yanatoka kwa dawa ya meno na kitambaa laini. Yakirudi pale pale ndani ya wiki, badilisha.

Bangili ya shaba ya mhunzi

Wahunzi wa Kidatoga hutengeneza bangili nzuri kwa kuyeyusha makoki na kufuli za shaba njano. Zinafubaa, zinang'arishwa, zinadumu. Tahadhari ni moja: shaba ya makoki ya zamani mara nyingi ina risasi asilimia kadhaa, iliyowekwa kiwandani ili ikatike vizuri. Kwa mtu mzima mkononi haina neno. Usimvishe mtoto anayetia kila kitu mdomoni.

Mkufu unakatika palepale

Angalia kiungo kwa kioo cha kukuzia. Kama kimelika na kuwa chembamba, ni msuguano, na viungo jirani viko njiani kukatika. Kurekebisha kimoja ni kununua wiki chache. Kama kiungo ni kinene lakini kimevunjika kwa uso wa punjepunje, lehemu haikuingia au klorini imeidhoofisha. Na kama kuna donge la kijivu laini linalochimbika kwa ncha ya kisu, mtu alikwisha kuchomelea kwa lehemu ya bati na risasi, ile ya redio. Mwonyeshe sonara kabla hajawasha moto. Risasi ikipata joto juu ya dhahabu inazama ndani na kuacha mashimo, kwa hiyo inabidi akwangue donge lote kwanza, ndipo aunge kwa lehemu ya dhahabu ya karati inayolingana na mkufu.